Mwanangu ana aleji ya karanga, na ukweni kila mboga ina karanga. Nifanyeje?

Shangazi shikamoo,

Naomba unisaidie maana nimechoka na nyumba yangu imegawanyika kwa ajili ya chakula. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dodoma mjini, saivi nina mimba ya miezi sita, mume wangu kwao ni Kongwa. Mwanangu wa pili ni wa kiume ana miaka miwili na nusu, tangu mdogo ana ile pumu ya ngozi, anajikuna kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti mpaka panatoa maji, tunampaka mafuta yake maisha yanaenda.

Mwezi wa nne tulienda Kongwa kwenye msiba. Bibi yake akamlisha ugali na mlenda, na mlenda wa kule unaujua shangazi, karanga zinatwangwa zinaingia humo ndo unakuwa mlenda. Haikupita robo saa mtoto midomo imevimba, mwili mzima mabaka yameinuka, akatapika, afu akaanza kukohoa na kifua kinalia. Pale kila mtu ana lake, huyu anasema mpeni maziwa yakate sumu, huyu anasema mtoto kapigwa jicho, shemeji yangu akawasha pikipiki tukakimbia zahanati wakamchoma sindano ndo akatulia. Wakaniambia ni aleji, asipewe vyakula vya aleji, basi, hawakusema kingine.

Niliporudi mjini nikauliza duka la dawa, yule dada akaniandikia kwenye karatasi vyakula vya aleji: karanga, mayai, maziwa, samaki, ngano, soya, korosho, kamba. Nikamtoa vyote. Na kabla ya hapo shangazi yai alikuwa anakula karibu kila siku, maziwa anakunywa, dagaa anakula, chapati ndo usiseme, hajawahi kupata shida yoyote. Saivi ni ugali au wali, maharage na mchicha wa kuchemsha, kesho tena hivyohivyo. Tunapika masufuria mawili, la mtoto na letu, dada wa kazi analalamika, dada yake wa miaka saba akikaangiwa yai mdogo wake analia mpaka anajitupa chini. Kliniki juzi nimeambiwa uzito haupandi, mstari kwenye kadi umelala kabisa.

Sasa kubwa ni mama mkwe. Yeye anasema zile karanga zilikuwa zimeota ukungu tu, mtoto hana aleji, aleji ni mambo ya Wazungu, Kongwa nzima imekuzwa na karanga. Anasema dawa ni kumpa kidogokidogo mwili utazoea. Mwezi uliopita alikuja kutusalimia akaja na unga wa lishe aliosagisha kwao, mahindi, ulezi, soya na karanga, nikamkuta dada anaukoroga jikoni bibi kamwambia ampe mtoto vijiko viwili tu. Niliumwaga ule uji shangazi, mbele yake. Toka siku hiyo hatuongei vizuri, na mume wangu kila nikimwambia anasema usimkwaze mama.

Krismasi tunatakiwa kwenda Kongwa, Januari mtoto anaanza chekechea na pale shuleni wanakunywa uji. Nimpikie nini huyu mtoto anenepe? Bibi yake nimwambieje? Na hii mimba niliyonayo, niache kula karanga ili huyu anayekuja asiwe hivi?

Mama wawili, Dodoma

*

Marahaba mwanangu, pole sana wewe na mtoto. Na ule uji ulivyoumwaga ulifanya sawa kabisa, hilo lisikusumbue usiku.

Nikupe jibu langu kabla sijaanza kueleza. Karanga zitoke nyumbani kwako zote, hata zile za watu wazima, mpike sufuria moja ambayo mtoto naye anakula. Na hivyo vyakula vingine ulivyomtoa kwa karatasi ya duka la dawa, vingi inabidi virudi, kwa njia nitakayokueleza. Saivi mnaenda kinyume, karanga bado zinazunguka jikoni alafu mtoto ananyimwa yai ambalo halijawahi kumfanya kitu.

Lakini kwanza la hatari. Alichopata mwanao kule msibani hakikuwa vipele vya kawaida. Ngozi, tumbo na kifua kwa pamoja, ndani ya dakika chache baada ya kula, madaktari wanaita anafilaksisi, na ni kitu kinachoweza kuua. Ya kwanza ikiwa nyepesi haina maana ya pili itakuwa nyepesi, huwezi kukisia. Dawa yake ni moja, sindano ya adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje na dozi inapimwa kwa uzito, kwahiyo uzito wa mtoto uwe unaujua kichwani muda wote. Piriton inasaidia kuwasha na mabaka, ila haifungui kifua wala haipandishi presha iliyoshuka, usikae nyumbani unasubiri piriton ifanye kazi huku mtoto anakohoa. Maziwa hayakati kitu. Usimtapishe. Mlaze chali miguu juu kidogo, kama anahema kwa shida muache akae, kama anatapika mlaze ubavu, na usimsimamishe wala kumtembeza, mbebeni akiwa amelala au amekaa mpaka kwenye gari.

Wiki hii hii, kabla hujashughulika na mapishi, pita kituo cha afya kilicho karibu na kwako uulize wazi, adrenalini mnayo, na usiku kuna mtu wa kuichoma? Adrenalini ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, sio dawa ya ajabu, haitakiwi ikosekane. Kama hawana, jua mapema ni kituo gani kinayo. Kongwa nako muombe shemeji aende akaulize kabla ya Krismasi. Na mkishafika hospitali msikubali kuondoka mara mtoto anapochangamka, inaweza kurudi tena baada ya masaa, anatakiwa akae chini ya uangalizi. Kuna kalamu za adrenalini ambazo mzazi anachoma mwenyewe nyumbani, hapa kwetu ni adimu na bei yake si ya mchezo, ila muulize daktari, kama kuna njia ya kuipata mtoto wako ni mtu wa kuwa nayo.

Sasa vipimo. Zahanati walifanya la maana, waliokoa mtoto, ila aleji hajapimwa mpaka leo. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa watoto. Kuna kipimo cha ngozi, wanadondosha tone la dawa ya kile chakula mkononi wanachoma kidogo juujuu wanasoma baada ya kama dakika 15, na kuna cha damu. Kama atapimwa ngozi uliza siku ngapi kabla umuachishe piriton au sitirizini, maana zinaficha majibu. Na nikutahadharishe kitu ambacho wazazi wengi kinawachanganya, kipimo peke yake hakitoshi. Mtoto anaweza kuonyesha alama kwenye yai wakati yai anakula kila siku na yuko salama. Kwahiyo daktari atakuuliza historia, na wewe historia unayo nzuri sana, iandike yote ilivyo: alikula nini, saa ngapi, ikaanza na nini, ikachukua muda gani, na vyakula gani alikuwa anakula kabla bila shida. Hiyo ina uzito kuliko karatasi yoyote ya duka la dawa.

Ile karatasi ni orodha ya vyakula ambavyo huwa vinasumbua watu wenye aleji duniani, haikuwa orodha ya mwanao. Mtu mwenye aleji ya karanga hana sababu ya kuacha samaki. Chapati, dagaa, yai na maziwa, vitu alivyokuwa anakula mara nyingi bila kuvimba wala kutapika, hivyo mwili wake ulikuwa umevikubali. Tena kuna hatari ya upande wa pili, hasa kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi: akikaa miezi mingi bila chakula alichokuwa anakimudu, mwili unaweza ukakisahau na siku ya kukirudisha akapata shida kweli. Ndo maana sikwambii mkaangie yai leo jioni. Nakwambia wahi daktari, mwambie amekaa bila yai na maziwa tangu mwezi wa nne, mpange kurudisha, kimoja kimoja, ikibidi mara ya kwanza iwe palepale hospitali. Usisubiri mwakani.

Maana huo mstari uliolala kwenye kadi ndo kitu kilichoniuma kwenye barua yako. Mtoto wa miaka miwili na nusu tumbo lake ni dogo, ugali na mchicha wa kuchemsha unamjaza kabla hajapata nguvu za kutosha. Wakati mnasubiri daktari mna vitu vingi tu. Maharage anakula, ongeza choroko, kunde na dengu. Najua utasikia watu wanasema karanga ni jamii moja na maharage, ni kweli kwa upande wa mmea, lakini watoto wengi wenye aleji ya karanga wanakula maharage vizuri na wako ni mmojawapo. Maini na nyama iliyokatwakatwa ndogondogo, hata vijiko viwili kwa mlo, vinampa damu. Parachichi, ndizi mbivu, viazi vitamu. Na mafuta mwanangu, mboga za mtoto usichemshe tu, tia kijiko cha mafuta ya alizeti, Dodoma na Singida ndo kwenyewe, mafuta yanaongeza nguvu bila kuongeza ukubwa wa sahani. Kwa maziwa aliyokosa, ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, na unga wa ubuyu nao unayo. Kama kuna mtu atakwambia mpe maziwa ya mbuzi badala ya ng'ombe, jua hivi, mtoto mwenye aleji ya kweli ya maziwa ya ng'ombe mara nyingi sana na ya mbuzi yanamletea shida ileile, na mtoto asiye nayo hana haja ya kuhangaika na mbuzi. Nenda pia kwa afisa lishe palepale kliniki, akupangie kwa uzito wake.

Uji wake usagishe tofauti. Unga wa lishe wa dukani na ule wa kuletewa achana nao, karibu wote una karanga. Na mashine za mtaani ndo mtego ambao wengi hawauoni, mama aliyekutangulia kasagisha lishe yenye karanga, wewe unafuata na ulezi wako safi, kilo ya kwanza inayotoka imebeba mabaki yake. Tafuta mashine inayosaga mahindi tu, au saga ulezi na mchele kidogokidogo kwa blenda yako nyumbani. Wala usidhani uji bila karanga hauna lishe. Koroga wa ulezi, ukishaiva ponda parachichi au ndizi humo, na maziwa yakisharuhusiwa tia maziwa. Kurundika nafaka kumi kwenye debe moja hakumnenepeshi mtoto, kinachomnenepesha ni uji mzito wenye mafuta kidogo na kitu cha protini.

Jikoni sasa. Kwanini nasema karanga zitoke kwa wote na sio sufuria la mtoto liwe pembeni? Kwa sababu masufuria mawili yanategemea watu wasikosee, na watu wanakosea. Mwiko uliokoroga mchicha wa karanga unaingia kwenye mboga ya mtoto, dada kachoka, simu imeita, imeshatokea. Tena mtoto wa umri huu anaokota sakafuni anatia mdomoni. Alafu kuna jambo la moyo, mtoto anayekula peke yake sahani tofauti kila siku anajiona ana kasoro, na dada yake anajifunza kumficha chakula. Mkila wote kitu kimoja hayo yanakwisha, na dada wa kazi atapumua.

Kinu chenu cha mbao kilichotwanga karanga miaka yote hakioshiki kikaisha, mpe jirani ununue kingine. Miko ya mbao vilevile. Sufuria, sahani na vijiko vinaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, vinatosha, ila dodoki libadilishe. Blenda fungua mpaka ule mpira wa chini, unga wa karanga unajificha hapo. Mtu aliyekula karanga kazini akirudi anawe mikono kwa sabuni na maji kabla hajambeba mtoto, sanitaiza haiondoi karanga mkononi. Mafuta ya kukaangia yaliyotumika sehemu nyingine usimchezeshe mtoto bahati nasibu nayo, bagia na mihogo ya barabarani hujui kabla yake kilikaangwa nini.

Mlenda usiuache, mtoto wa Kongwa akikosa mlenda kweli itakuwa kumuonea. Upike kwa nyanya, kitunguu na bamia na mafuta ya alizeti, na ukitaka ule uzito wa karanga tumia mbegu za maboga, zikaange kavu, zimenye, zitwange kwenye kinu kipya. Zinakuwa nzito na zina ladha yake, wengi wakishazoea hawarudi nyuma. Mchicha na kisamvu kwa nazi ni vizuri pia ila najua nazi Dodoma inafika imeshapanda bei, kwahiyo mbegu za maboga ndo rafiki yako. Mara ya kwanza mpe kidogo sana, mchana, siku ambayo hana mafua wala homa, na umuulize daktari kwanza. Ufuta usitumie bado, nao una aleji kali kwa baadhi ya watoto, na korosho hivyohivyo mpaka apimwe, kwanza zinauzwa sinia moja na karanga stendi pale kikombe kilekile. Biskuti na chokoleti soma paketi, nyingi zimeandikwa kiingereza, ukiona peanut au groundnut au nut rudisha rafu. Kashata hata usiifikirie. Na mafuta ya kumpaka mwilini yasiwe na karanga wala lozi, ngozi iliyochubuka inaweza kuifundisha kinga ya mwili kuchukia chakula, kwahiyo hiyo pumu ya ngozi itibuni vizuri msiizoee.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Mwanangu, huyo mama hamchukii mjukuu. Kwake karanga ndo kulea kwenyewe. Hilo eneo ndiko Waingereza walikuja na matrekta mwaka 1947 kulima karanga, mradi wao ukafa 1951, na wenyeji mpaka leo wanalima karanga zao. Mtu kalea watoto kwa hicho chakula wakawa wazima, alafu anaambiwa chakula chake ni sumu. Anasikia kama anaambiwa yeye ndo sumu. Uanzie hapo.

Na hoja zake mbili zijibu kwa heshima maana hazikutoka hewani. Kuhusu ukungu, yuko sahihi kwamba karanga na mahindi vikihifadhiwa vibaya vinapata sumukuvu, na watu wa Dodoma na Manyara wanakumbuka mwaka 2016 watu waliugua na wengine walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Lakini sumukuvu inashambulia ini, macho yanakuwa ya manjano, tumbo linajaa, na wanaugua waliokula wote. Haivimbishi midomo ya mtoto mmoja ndani ya robo saa wakati nyumba nzima imekula sufuria lilelile na wazima. Kuhusu kumpa kidogokidogo, mwambie mama hilo wazo lipo kweli hospitalini. Marekani mwaka 2020 waliidhinisha dawa ya unga wa karanga ya kuwazoesha watoto wa kuanzia miaka minne. Lakini wanaanza na nusu miligramu ya protini ya karanga, chini ya daktari, adrenalini ipo mezani. Punje moja ya karanga ina kama miligramu 250 mpaka 300. Vijiko viwili vya ule uji huwezi hata kupiga hesabu ni mara ngapi. Akielewa hivyo hatajiona kashindwa, ataona wazo lake linahitaji daktari.

Anayetakiwa kusema ni mume wako, sio wewe. Mama akisikia kwa mwanae ni taarifa, akisikia kwa mkamwana ni dharau, ndo ilivyo kwetu. Nawe baba unayesoma hii pembeni ya mkeo, "usimkwaze mama" haitoshi, uliona mwenyewe kifua cha mtoto siku ile. Mchukue mama mwende naye siku ya daktari bingwa, asikie kwa masikio yake, aulize maswali yake yote. Kisha mpeni kazi. Mwambieni mama, wewe ndo unaijua mboga ya kwetu kuliko sisi, tunaomba utupikie mlenda wa mbegu za maboga mjukuu wako ale, na huko Kongwa wewe ndo mlinzi wake, mtu yeyote akitaka kumpa kitu apitie kwako. Bibi mwenye cheo hicho hata wifi zako watamuogopa. Na wewe mwanangu tangulia kumuomba radhi kwa kumwaga uji mbele yake, radhi ya namna ulivyofanya, sio ya sababu.

Krismasi nendeni. Beba sufuria, mwiko na unga wake, mtoto apikiwe wa kwanza kabla jiko halijachafuka, ale ameshikwa na mtu mmoja anayejulikana. Sehemu wanapotwanga karanga asikae, lile vumbi linaweza kumletea chafya na kifua. Kwenye sherehe kila shangazi ana kitu mkononi anataka kumpa mtoto, muwekeeni kitambaa au kadi kifuani, USINIPE CHAKULA MUULIZE MAMA, watu wanasoma.

Chekechea kaongee na mwalimu mkuu na yule mama anayepika uji, wote wawili, maana mwalimu akijua peke yake haisaidii. Uji wa shule mara nyingi ni lishe ileile, abebe chupa yake. Waandikie dalili kwenye karatasi moja, namba yako, ya baba, na kituo chenye adrenalini, ibandikwe sehemu wanayoiona. Kama shule inakuambia hayo ni mambo mengi, tafuta nyingine, huyu ni mtoto anaweza kufa kwa kashata ya rafiki yake. Na mwenyewe mfundishe mapema, mtoto wa miaka mitatu anaweza kabisa kusema "mimi sili karanga".

Najua unajiuliza kama atapona. Aleji ya maziwa na mayai watoto wengi wanaiacha wakikua, ya karanga ni kama mmoja kati ya watano, kwahiyo arudi kwa daktari kila baada ya muda kuangaliwa, na nyumbani msijaribu.

Na la mwisho, mimba. Hapana, usiache karanga kwa ajili ya kumkinga huyu anayekuja, kujinyima ukiwa na mimba hakuzuii aleji, wewe kula ukiwa nje ya nyumba, unawe mikono ndo urudi nyumbani. Miaka ya nyuma hata madaktari walikuwa wanashauri watoto wacheleweshewe karanga. Mwaka 2015 London ulitoka utafiti mkubwa wa watoto 640 waliokuwa kwenye hatari, wenye ukurutu mkali, ndo hiyo pumu ya ngozi, au aleji ya yai, na wale walioanza kula karanga kabla hawajatimiza mwaka walipata aleji pungufu kwa kama asilimia 80 kuliko walioepushwa. Kwahiyo huyo mchanga naye atakuja kuhitaji karanga laini kwenye uji akishaanza kula, sio punje maana zinapalia, na kwa kuwa nyumba ina kaka yake, hiyo mtapanga na daktari yuleyule, alishwe wapi na nani. Ngozi yake iangalie tangu wiki za kwanza, ukiona inakauka na kuwasha kama ya kaka yake usingoje afike miezi sita, mpeleke mapema.

Shangazi